Jessé Hakuwa Amelala

Kabongo, tarehe 2 mwezi wa tisa 2024

Papa,

Nimefika. Treni imetembea siku tatu, magoti yamevimba, lakini niko mzima. Tantine Mputu amenipokea vizuri, amenipa chumba cha nyuma pamoja na magunia yake ya mihogo. Anakusalimia sana, anauliza mbona kaka yake hamwandikii.

Salamu zimekwisha, sasa nitasema. Ulisema mbele ya Mama: "Agar aende Kabongo, apumuzike." Papa, mimi sijachoka. Nina miaka kumi na tisa, nina diploma ya asilimia sitini na mbili, na ninajua tofauti kati ya kupumzishwa na kufichwa. Simu yangu umebaki nayo kwa sababu ina picha za sherehe yetu ya matokeo. Haidhuru. Kalamu hukuichukua.

Mbele ya kaburi la Jessé, pasta alisema moyo wa kijana ulisimama ghafla, na wewe, mzee wa kanisa, ukaitikia amina pamoja na wengine. Ulikuwa umekwisha kujua. Yaya Théo, kaka yangu mkubwa, alikuambia siku ile ile Jessé alipokufa, jikoni, na mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Alisema: "Papa, tulimupatia tramadol." Ukamjibu: "Nyamaza. Ile neno isitoke mu hii nyumba." Haikutoka kweli. Badala yake nilitoka mimi.

Leo nimempa chef de train Monga, mkuu wa treni inayorudi Kamina, bahasha mbili. Hii ni yako. Ya pili ni ya Maman Tshiala. Yeye ndiye aliyemzaa Jessé, na ana haki ya kujua mtoto wake alikufa kwa nini. Nimemwandikia yote. Ukikasirika, kasirika, kesho nitakuwa bado binti yako.

Agar


Kamina, tarehe 16 mwezi wa tisa 2024

Agar, binti yangu,

Nakusalimu katika jina la Bwana wetu. Mama yako amekutumia sabuni sita na kitenge kimoja. Théo hajambo, anaimba kwenye kwaya, anakula vizuri.

Kuna jambo umelisahau, na nashangaa, kwa maana umekua ndani yake. Sisi watu wa reli tunatuma barua kwa mkono wa chef de train, bila stempu, na kila bahasha inayoshuka Kamina inapita kwenye meza moja pale gare, kituoni, kabla ya kumfikia mwenyewe. Nani anakaa kwenye meza hiyo? Ni mimi, mwaka wa ishirini na sita sasa. Barua yako kwa Maman Tshiala nimeifungua, nimeisoma, na nimeifungia kwenye droo. Sijawahi kufungua barua ya mtu maisha yangu yote. Hiyo yako nilifungua.

Nisikilize sasa. Dosie ya Théo ya kuomba kazi ya reli iko kwa wakubwa wa kazi. Imebaki karatasi moja tu, ile ya tabia njema. Babu yako alitia grisi magurudumu, mimi nikaandika makaratasi, Théo ataendesha mashine. Unataka pembeni ya jina lake paandikwe kwamba alimlisha mwenzake vidonge? Unataka polisi waje kugonga hapa, Mama yako awafungulie? Jessé hatarudi. Maman Tshiala amekwisha kulia, amerudi kufundisha darasa lake la pili, watoto wanamsaidia kusahau. Ukimwambia mambo hayo utamzikisha mwanawe mara ya pili.

Usiandike tena. Ni baba yako anayesema.

Kaumba


Kabongo, tarehe 30 mwezi wa tisa 2024

Papa,

Asante kwa sabuni. Asante pia kwa kukiri kwamba umeiba barua. Mtu mwingine angesema imepotea njiani.

Nimesikia amri yako na ninaikataa. Nimeamua hivi: kila treni itakayopita Kabongo kwenda Kamina itabeba barua ya Maman Tshiala. Moja ikifungiwa, nyingine itafuata. Ukichoka na droo, tafuta sanduku. Na uzisome zote, tafadhali. Angalau hapo Kamina atakuwepo mtu mzima mmoja anayejua Jessé alikufa namna gani, na mtu huyo utakuwa wewe. Ya leo ndiyo hii hapa chini, hata bahasha sikujisumbua kuibandika.

Agar

Maman Tshiala,

Matokeo ya mtihani wa taifa yalishuka kwenye simu saa nne asubuhi. Ulipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Tulijimwagia poda kichwani mpaka kifuani kama wanavyofanya wote wanaofaulu, tukazunguka mji tukiimba, na saa nane mchana tukaingia kwa Kisimba, ambaye wazazi wake walikuwa safarini. Kulikuwa na muziki, bia, na pombe kali ya vifuko. Yaya Théo alikuja na vidonge vya tramadol alivyonunua kwa muuzaji mmoja sokoni. Akasema: "Hii inaondoaka haya. Utacheza mupaka kesho."

Unamjua Jessé. Hata bia alikuwa hapendi. Alikataa, tukamcheka, na mimi nilicheka kwa sauti kuliko wote. Basi akameza. Baadaye akameza tena, na pombe juu yake.

Kwanza alicheza vizuri, Maman, alitushinda sisi sote. Halafu akaanza kujikuna mikono, jasho likamtoka, akatapika, akaenda kukaa ukutani. Akaanza kukoroma. Alikoroma kwa nguvu kama mzee, na sisi tukapunguza muziki ili tusikie vizuri na kucheka. Théo akasema: "Mumuache, iko nalala." Mimi nikachukua kopo nikammwagia poda nyingine usoni, tukapiga picha. Kama midomo yake ilibadilika rangi, hakuna aliyeweza kuona, kwa sababu niliifunika kwa mkono wangu huu.

Saa kumi alikuwa bado hajaamka. Tukaogopa. Théo na mimi tulimweka kwenye baiskeli tukamleta kwako, na njiani tukapatana la kusema. Ulipofungua mlango, mimi ndiye niliyesema: "Maman, Jessé alikula samaki mubaya." Halafu tulikimbia. Aliyesema si Théo. Ni mimi.

Agar Kaumba


Kamina, tarehe 14 mwezi wa kumi 2024

Mdogo wangu Agar, bibi wakili,

Papa hajui kwamba ninakuandikia. Nimempa Monga barua hii mkononi, nje ya gare.

Unafanya nini, eh? Papa anasoma karatasi zako halafu anafunga mlango wa chumba, Mama anamwita chakula, hatoki. Unamzeesha bure. Na mimi unanimaliza. Ile ni dawa, Agar, si sumu. Wanawapa watu waliopasuliwa hospitalini. Siku ile tulikunywa wengi, na wengi wetu tuko hapa tunatembea. Jessé alikuwa na mwili mwembamba, basi. Hakuna aliyemshika mdomo kwa nguvu.

Mimi niliacha siku ile ile, naapa. Samahani kwa mwandiko, mkono unatikisika kidogo, ni mafua tu. Jasho linanitoka hata nikikaa, usingizi siupati, na chakula sikitaki. Juma lililopita nilianguka kwenye mazoezi ya kwaya, nikauma ulimi, wakasema nilirusharusha miguu. Mama anasema ni malaria imepanda kichwani, amenipa dawa yake. Nitapona. Mwisho wa mwaka nasaini kazi. Nisubirie mpaka hapo, halafu useme unachotaka, useme hata kwenye redio.

Yaya wako,
Théo


Kabongo, tarehe 28 mwezi wa kumi 2024

Maman Tshiala,

Hii ni barua yangu ya nne kwako, na najua ni nani anayeifungua kwanza. Kwa hiyo unisamehe, leo nitaanza na yeye.

Papa, Théo hajaacha. Ameniandikia, na barua yake nimempelekea Kanyinda, muuguzi wa dispansari ya hapa. Hakuimaliza. Alifika pale Théo alipouma ulimi, akaikunja. Akaniambia: "Uyu kaka yako eko anakunywa bado, na haiko malaria. Ile dawa ikizidi inaangushaka muntu sawa kifafa. Na akichanganya na pombe, ao vidonge ya usingizi, pumuzi inapunguka pole pole mupaka inasimama." Nikamuuliza kama wale waliokunywa siku ile na bado wanatembea walikuwa na damu nyingine. Akasema walikuwa na bahati tu, na bahati hiyo hakuna anayeiuza sokoni.

Nitakuandikia aliyonifundisha, Papa, na uyasome hata kama umenikasirikia. Mtu aliyekunywa hivyo akikoroma, na ukimtingisha na kumfinya haamki, huyo hajalala. Ni koo linaloziba na pumzi inayokwisha. Mtazame midomo na kucha kama zimekuwa za kijivu au buluu. Mfungue jicho uone kama kile cheusi cha katikati kimekuwa kidogo kama ncha ya sindano. Mlaze ubavu, ili akitapika matapishi yasirudi ndani. Mdomoni asitiwe kitu chochote: si maji, si maziwa, si mafuta ya ngazi, yaani mawese, kwa sababu mtu asiyeamka hamezi, kila kitu kinakwenda kwenye mapafu. Usianze kumwogesha. Usianze hata maombi, omba njiani. Mpeleke hospitali, na ukifika mlangoni utaje alichokunywa kwa jina lake. Ukiona aibu kulitaja kwa dakika tano, ni dakika tano za pumzi yake. Na ukigundua kwamba anakunywa, usimfungie nyumbani aache kwa siku moja, mwili unaweza kuanguka vibaya. Mpeleke kwa waganga wa hospitali wamsaidie kushuka pole pole.

Sasa ni wewe, Maman Tshiala. Kanyinda amesema anayekoroma bado ana pumzi. Jessé alikuwa anakoroma mbele yangu karibu saa moja nzima. Maana yake tulikuwa na wakati wa kufika hospitali na kurudi. Ninalijua hilo sasa, na ninaumia, na nimeona vibaya kuumia peke yangu wakati wewe unafikiri ni moyo.

Agar Kaumba


Kamina, tarehe 25 mwezi wa kumi na moja 2024

Agar,

Théo yuko hai. Nimeanza na hilo ili usisome kwa hofu.

Jumapili tarehe 17, saa moja na nusu asubuhi, nilikuwa nafunga tai ya kwenda ibada. Nikauliza Théo yuko wapi, siku ya kwaya. Mama yako akasema: "Umuache apumuzike, jana alikuwa ku ndoa ya rafiki yake." Nilimsikia chumbani anakoroma. Nikatabasamu. Nilikuwa nimekwisha kushika kitasa cha mlango wa kutokea, Biblia kwapani, ndipo barua yako ikanirudia. Ile ya nne nilikuwa nimeisoma mara tatu, kwa hasira, nikitafuta mahali pa kukujibu.

Nilirudi chumbani. Nikamwita, nikamtingisha, nikamfinya sikio kama zamani alipokuwa mtoto mkaidi. Hakusikia. Midomo ilikuwa na rangi ya jivu. Nikamgeuza ubavu. Mama yako alikimbia jikoni akarudi na kikombe cha mafuta, nikamshika mkono mpaka yakamwagika kwenye kanzu yake ya ibada. Nikapiga kelele: "Usimupe kintu! Atazama!" Alifikiri nimepata wazimu. Tulimpandisha kwenye pikipiki, dereva mbele, yeye katikati, mimi nyuma nikimshikilia kichwa, na kila nilipomsikia akivuta pumzi nilisema moja tena, Bwana, moja tena.

Hospitalini muuguzi akauliza alikunywa nini. Nyuma yangu walikuwa wamefika watu wa kwaya, na mashati yao meupe, pasta pia. Nilikuwa na jibu jingine tayari mdomoni, binti yangu, sitakuficha, malaria ilikuwa kwenye ulimi kabisa. Nikasema kwa sauti: "Tramadol na pombe. Na vidonge vya usingizi, nimevikuta mfukoni mwake." Wakamvalisha kitu usoni, wakampulizia hewa kwa mpira wa mkono, wakipokezana. Aliamka siku ya pili. Ameungama kwamba hakuacha hata juma moja. Yuko bado hospitalini, anatetemeka, anatukana, anaomba msamaha, anatukana tena. Waganga wanasema ni mwili unaodai, itachukua muda. Dosie yake imerudishwa. Hata sikuuliza ni nani aliyeirudisha.

Jana, baada ya ibada, nilitoa bahasha zako nne kwenye droo nikampelekea Maman Tshiala. Alizisoma zote mbele yangu. Alivyofanya kwenye ya nne siwezi kukuandikia, ataandika mwenyewe.

Nilikukosea. Nilimkosea yeye zaidi, kwa ile amina. Nimekwisha kumwambia.

Papa


Kamina, tarehe 2 mwezi wa kumi na mbili 2024

Agar,

Sikuiti mwanangu leo. Labda siku nyingine.

Baba yako alisimama barazani kwangu kama mwanafunzi aliyechelewa, hakukaa mpaka nilipomwambia akae. Barua ya kwanza, ya pili na ya tatu nilizisoma nikilia. Ya nne sikulia. Niliinuka, nikaenda jikoni, nikabeba chupa ya mafuta ya ngazi nikaitupa uani ikapasuka. Baba yako hakuelewa. Wewe utaelewa.

Mlangoni kwangu ulisema samaki mbaya. Mama yeyote wa hapa anajua la kufanya mtoto akila sumu, mama yangu alinifanyia hivyo, na mama yake alimfanyia. Niliinua kichwa cha Jessé, nikamshika kidevu, nikampa mafuta kwa kijiko. Vitatu. Akakohoa kidogo, nikasema asante Mungu, sumu inatoka. Nikamwongezea cha nne. Kukoroma kukatulia. Nilifikiri amepata usingizi mzuri, nikamfunika shuka, nikaenda kuwasha moto nimpikie uji. Nilipika uji ule mpaka ukaiva, nikaufunika na sahani usipoe.

Hukujua hayo. Hakuna aliyejua. Daktari aliniuliza mtoto alikula nini, nikajibu samaki, kwa maana ndivyo nilivyoambiwa. Jirani zangu wakaja na habari ya moyo kusimama, na moyo ukanifaa kuliko samaki, kwa sababu samaki angenifanya nimtafute aliyempikia. Hivyo ndivyo tulivyomzika na uongo wa aina mbili.

Sasa najua utachukua kalamu kuniandikia kwamba ni kosa lako, usinionee huruma, na mengine. Usiandike. Baba yako naye alianza: "Maman, ni siye njo tuliua mutoto wako." Nikamwambia: "Papa Kaumba, unyamaze kwanza. Weye ulikaa myezi tatu bila kusema. Leo njo zamu yangu." Nilikaa na jambo hili siku tatu nzima. Nimekuchukia, nimemchukia Théo, nimeuchukia mkono wangu wenyewe unaoshika kijiko. Halafu asubuhi moja niliamka nimechoka kuchukia watu walio karibu wakati yule aliye mbali anaendelea na biashara yake.

Nilikwenda sokoni kumtazama yule muuzaji wa tramadol. Alinisalimia vizuri, akaniuliza kama mgongo unaniuma. Mbele yake walikuwa wamesimama vijana wawili niliowafundisha kusoma. Nikawauliza kwa sauti ya darasani: "Munatafuta nini hapa?" Walikimbia kama nilikuwa na fimbo. Tangu siku hiyo, masomo yakiisha saa sita na nusu, nachukua kiti changu na picha ya Jessé nakwenda kukaa mbele ya meza yake. Anaomba niondoke. Amemleta mtu mwenye cheo aniombe niondoke. Pasta naye amekuja, ananiambia niwaache wafu walale, nifikirie jina la kanisa. Nikamjibu: "Pasta, jina la kanisa halikubeba mimba." Amekwenda nyumbani kwake. Mimi nimebaki kwenye kiti.

Baba yako anasema unaweza kurudi. Treni ya kwanza ikipita, panda. Usianzie kwenu. Njoo na mzigo wako mpaka kwangu, ugonge mlango ule ule, na nitakapofungua uniambie Jessé alikunywa nini. Nataka nilisikie neno hilo hapo uliposimama siku ile, kwa mdomo ule ule, hata kama limechelewa. Ukimaliza utaingia ule, maana safari ya Kabongo naijua.

Jumapili utasimama kanisani useme ulivyonidanganya, na mimi nitasimama karibu yako niseme nilivyompa mafuta. Asiyetaka kusikia, kanisa lina milango miwili, atoke kwa ule anaoupenda.

Tshiala, mama ya Jessé